Kabla ya kumwita mwalimu msaliti

Maneno haya niliyasema Jumamosi kwenye kongamano la vijana wa chama hapa Moshi. Wengi mmeniomba nakala, hasa wale wa Rombo na Siha mliokosa usafiri. Nimeyaandika jinsi nilivyoyasema, nimeondoa tu sehemu nilizokuwa narudia na ile ya kipaza sauti kukatika.

Makamanda, asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini na mada ya elimu. Najua mnachokitarajia. Mnatarajia nisimame hapa nihesabu madarasa yenye nyufa, nitaje watoto wanaokaa chini, mpige makofi, twende tukale. Leo sitafanya hivyo. Nataka tuzungumze juu ya mwalimu, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Tarehe 28 Oktoba 2020 nilikuwa kijijini kwetu, Uru, karibu na kituo cha kupigia kura. Hali ya siku ile mnaikumbuka, sina haja ya kuisimulia. Malalamiko yetu nayajua yote na sifuti hata moja. Jioni, msimamizi wa kituo akatoka nje. Ni mama mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi. Vijana wetu wakaanza kumzomea. Mwizi! Msaliti! Mmoja akamwambia atakula hizo hela za siku tatu zitamtokea puani. Mimi nilikuwa pale. Sikuzomea, lakini sikumzuia mtu, na kusema kweli nilikuwa natabasamu.

Yule mama akapita katikati yetu, akaniona. Akasimama akaniuliza, "Bibi yako anaendeleaje na mguu?" Nikajibu anaendelea vizuri, shikamoo mwalimu. Akaitikia marahaba, akaondoka.

Sasa niwaambie yule mama ni nani kwangu.

Nilimaliza chuo cha ualimu nikiwa na stashahada yangu safi, nikakuta ajira zimekauka. Mnaijua hadithi hiyo, humu ndani wako walimu wasiopungua kumi wanaoendesha bodaboda. Nikaenda kujitolea kwenye shule moja ya msingi huko milimani. Wazazi walichanga wanipe elfu sitini kwa mwezi, na mwezi mwingine haikufika. Nikapewa darasa la nne, hisabati na sayansi.

Wiki ya kwanza nilifundisha kama nilivyofundishwa chuoni. Naandika ubaoni, naeleza, nageuka nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima, "Ndiyooo mwalimu!" Nikasahihisha madaftari jioni, karibu nilie. Watoto hawakuwa wameelewa kitu.

Yule mama alikuwa akifundisha darasa la kwanza. Siku moja kipindi chake kiliisha mapema, akaniomba akae nyuma ya darasa langu. Nilikasirika moyoni. Huyu ni mwalimu wa UPE, mnajua tulivyokuwa tunawaita. Kwa wale wadogo: baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliamua watoto wote waingie shule, na walimu hawakutosha. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, ikawafunza huku wakifundisha, vijijini, pamoja na masomo ya redio. Baadaye tukawageuza kichekesho. Kila tulipotaka kusema elimu imeshuka tulisema ni UPE hao. Na mimi, msomi wa stashahada, nikajiuliza mama huyu wa darasa la saba atanifundisha nini.

Kipindi kilipoisha tukakaa chini ya mti. Akaniambia mambo matatu, nayakumbuka hadi leo. Kwanza, "Umemuuliza yule binti wa mbele mara nne, wale wa dirishani hujawauliza hata mara moja." Pili, "Hilo swali lako la mmeelewa halina kazi, acha kabisa. Mpe mtoto kitu akifanye, utaona mwenyewe kama ameelewa." Tatu, "Sehemu hazifundishwi kwa chaki. Kesho njoo na mkungu wa ndizi."

Nikaja na mkungu. Nani humu hajui mkungu? Una chane, kila chane ina ndizi zake. Tukaukata mbele ya watoto. Mkungu mzima ni moja. Chane saba, kwa hiyo chane moja ni sehemu ya saba. Kisha mtoto mmoja, yule wa dirishani, akasema, "Mwalimu, lakini chane ya juu ni kubwa kuliko ya chini, sasa zote zitakuwaje sehemu ya saba?" Makamanda, hapo ndipo nilipoelewa kazi ya ualimu. Lile swali haliko kwenye kitabu chochote nilichopewa. Lilikuwa swali zuri kuliko mtihani wote wa muhula. Tukatumia kipindi kizima kubishana kuhusu nini maana ya kugawa sawa. Watoto wakaenda kupima kwa mizani ya duka la jirani.

Mtoto yule hakuwa mjinga wiki iliyotangulia. Mimi ndiye sikuwa na mtu wa kuniambia. Na sikumpata kwa mpango wowote wa serikali, nilimpata kwa bahati, kwa sababu mama mmoja alimaliza kipindi mapema akaamua kunihurumia.

Sasa tukubaliane kitu kimoja. Sisi wanasiasa, na nasema sisi, si wao peke yao, tunapenda vitu vinavyopigwa picha. Wao walijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, kila bango likawa na picha. Sisi tukajibu nini? Tukasema ni machache, tukasema ya chini ya kiwango, tukasema ni mkopo. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini kwenye hotuba zetu zote nilizozisikia, hakuna aliyeuliza mtoto akishakaa kwenye dawati jipya, kinachotokea kati yake na mwalimu kwenye zile dakika arobaini ni nini. Dakika arobaini haziwekewi jiwe la msingi, kwa hiyo kiongozi hana cha kuzindua.

Tuje kwenye fedha, maana mtu akisema mambo haya anaambiwa ni ya kifalsafa. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Mtoto wa shule ya msingi anatengewa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa mwaka, nimesema. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinakwenda shuleni. Sita elfu gawanya kwa miezi kumi na mbili, ni shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi. Soda moja haipatikani.

Na hiyo 10,000 haikuanza 2016. Ilianza na MMEM mwaka 2002, ilipohesabiwa kuwa dola kumi kwa kila mtoto. Dola wakati ule ilikuwa kama shilingi elfu moja. Leo ni zaidi ya 2,400. Chaki imepanda, karatasi imepanda, wino wa kudurufu mitihani umepanda, mtoto bado ni yule wa elfu kumi.

Halafu angalieni inavyotuumiza sisi wa milimani kwa namna yake. Kule tambarare, Mabogini, Kahe, watu wanahamia, mwalimu mmoja anaweza kuwa na darasa ambalo hajui majina ya nusu yake. Huku juu ni kinyume. Vihamba vimegawanywa hadi havigawanyiki, vijana wameshuka mjini, wameenda Arusha, Dar, wazee wamebaki na mbwa. Shule iliyojengwa kwa jasho la wakulima wa kahawa unakuta ina watoto 140. Chukua 140 mara mia tano. Ni shilingi elfu sabini kwa mwezi kuendesha shule nzima: chaki, mitihani, ukarabati, michezo, kila kitu. Rimu ya karatasi ni elfu kumi na kitu. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu ni laki mbili, na ni haki yake, simwonei wivu, lakini ina maana posho ya mtu mmoja inakaribia mara tatu ya fedha za kuendesha shule anayoiongoza. Fedha ikihesabiwa kwa kichwa cha mtoto, shule ndogo inakufa kimyakimya. Na hakuna sehemu nzuri ya kumsaidia mwalimu kufundisha vizuri kama darasa la watoto ishirini! Tungekuwa na akili, shule zetu za milimani zingekuwa mahali ambapo walimu wa mkoa mzima wanakuja kujifunza.

Mtu mmoja pale nyuma anatikisa kichwa. Najua, utasema hizo ni ndoto. Niwaambie basi kuhusu India.

Mwaka 1972 kwenye wilaya ya Hoshangabad, jimbo la Madhya Pradesh, walianza mpango wa kufundisha sayansi kwenye shule 16 za vijijini. Shule za watu maskini, hazina maabara. Mpango ulikuwa na mambo machache tu. Watoto wanafanya majaribio wenyewe kwa vifaa rahisi vinavyopatikana kijijini. Mtihani mtoto anaingia na kitabu chake, maana anapimwa kufikiri, hapimwi kukariri. Na lile ninalolipenda kuliko yote: kila mwezi walimu wa shule za jirani wanakutana, siku nzima, wanazungumza kipindi gani kimekwenda vibaya na kwa nini. Mwalimu wa kijijini anamwambia mtaalamu wa chuo kikuu, jaribio lako hili halifanyi kazi, na linabadilishwa. Ulienea hadi mamia ya shule. Ulidumu miaka thelathini. Mwaka 2002 serikali ya jimbo ikaufunga, kwa amri, kwa sababu za kisiasa zaidi ya za kielimu. Kwa hiyo msidhani kila mahali pengine ni peponi. Lakini miaka thelathini, makamanda, na bajeti ya viberiti na majani.

Na sisi hatujakosa kitu kama hicho kwenye karatasi. Tuna vituo vya walimu, majengo yapo kwenye kata nyingi nchini. Ingia kimoja. Ukikuta hakijageuzwa ofisi au stoo, nipigie simu. Tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo inataka walimu wa shule moja wakutane kila mara, wazungumze masomo magumu, waangaliane darasani. Nimeisoma. Ni nzuri, sitaipinga kwa sababu tu imetoka serikalini. Ni jambo lile lile yule mama alilonifanyia chini ya mti, isipokuwa hili limeandikwa na Taasisi ya Elimu. Tatizo ni muda. Walimu wanne wanaofundisha madarasa saba watakutana saa ngapi? Vishikwambi vya sensa ya 2022 walipewa, sawa, bando nani anaweka? Mwalimu anaweka, kutoka kwenye mshahara ule ule.

Januari 2024 mtaala mpya ulianza, darasa la kwanza na la tatu. Kiingereza sasa kinaanzia darasa la kwanza. Niliwauliza walimu watatu ninaowafahamu, mmoja wa Kibosho, wawili wa huku kwetu, waliandaliwa vipi. Siku chache. Mmoja aliandaliwa na mwenzake aliyeandaliwa. Kitabu cha somo moja aliazima shule ya jirani. Kisha mkaguzi anakuja, siku hizi anaitwa mthibiti ubora, jina limekuwa tamu, anauliza andalio la somo liko wapi.

Jamani, hebu fikirieni mtu huyu anaishije. Sera na mtaala viko Wizara ya Elimu. Shule yake iko TAMISEMI. Kupanda daraja na nidhamu viko Tume ya Utumishi wa Walimu. Mshahara uko Utumishi. Akidai malimbikizo, kila mlango unamwonyesha mlango mwingine. Uhamisho wake, nyumba, likizo, viko mikononi mwa mkurugenzi wa halmashauri. Na mwaka 2020, msimamizi wa uchaguzi wa jimbo alikuwa nani? Mkurugenzi huyo huyo. Sasa mkurugenzi akisema mwalimu fulani utasimamia kituo, mwalimu huyo aseme hapana kwa ubavu gani?

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Sisemi kila mwalimu ni malaika. Wako waliofanya mambo ya aibu na wanajijua. Nasema mfumo umemweka mwalimu mahali ambapo akituonea huruma anahamishwa, na sisi, badala ya kuupigia kelele mfumo, tunamzomea mama wa miaka hamsini na tisa anayeuliza habari za mguu wa bibi yangu.

Mwaka 2012 walimu waligoma. Tarehe 30 Julai walikaa nyumbani nchi nzima, wakidai nyongeza ya mshahara ya asilimia mia, posho ya kufundishia, posho ya mazingira magumu. Haikufika wiki, Mahakama Kuu Kitengo cha Kazi ikasema mgomo si halali, wakarudi. Miezi michache baadaye matokeo ya kidato cha nne yakatoka: karibu watahiniwa sita kati ya kumi walipata sifuri. Nchi ikashtuka, waziri mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Mimi siwezi kusema mgomo ule ndio ulioleta zile sifuri, itakuwa uongo, ugonjwa ulikuwa wa miaka mingi. Ninachokumbuka ni kwamba walimu walipopiga kelele Julai waliitwa wakorofi, na Februari kila mtu akauliza walimu wako wapi.

Wazee wetu wa mlima huu hawakuuliza hivyo. KNCU ilianzishwa miaka ya thelathini, na kahawa ilisomesha watu hapa kabla ya uhuru, mnajua nyote, kila ukoo una babu wa namna hiyo. Tunajisifu mno kwa historia hiyo, hasa tukiwa Dar. Lakini wazee hawakuchanga kuta tu. Mwalimu alipewa kiwanja, alipewa ndizi, mtoto wake alipougua watu walikwenda. Kwenye mbege alikuwa na nafasi yake ya kukaa. Sisi tumembakizia nini? Meme za mwalimu aliyevaa shati lililochakaa, tunazisambaza wenyewe kwenye magrupu yetu ya chama. Nimeziona. Wiki iliyopita.

Kwa hiyo nakuja na mambo ambayo tunaweza kuyafanya bila kusubiri dola.

Kila uchaguzi wa serikali za mitaa unapokuja, tujiulize. Wagombea wetu wa vijiji na mitaa watasema nini kuhusu shule? Naomba waseme hili: fedha za uendeshaji zisihesabiwe kwa kichwa peke yake, kila shule ipewe kiwango cha chini cha kuiwezesha kufungua milango, halafu vichwa vifuate. Hilo tulipeleke hadi kwenye ilani ya taifa. Wapigakura wa milimani wataelewa haraka kuliko tunavyofikiri, wanaziona shule zao zinavyokwisha.

La pili, kamati za shule. Nyinyi wengi mna watoto au wadogo zenu shuleni, na hamjawahi kukanyaga mkutano wa wazazi. Mnasema wamejaa watu wa chama kile. Wamejaa kwa sababu hamwendi! Nendeni, msome ubao wa matangazo, fedha iliyoingia iwe imebandikwa pale. Haijabandikwa, ulizeni kwa adabu. Na hoja ya kwanza mkifika isiwe ubadhirifu. Iwe ni kumwombea mwalimu mchana mmoja kwa mwezi wa kukutana na wenzake wa shule za jirani. Siku hiyo wazazi wawili watatu wakae na watoto. Fundi seremala awafundishe kupima. Bibi mmoja awaonyeshe mfereji ulivyokuwa unagawanywa zamu, ile ni hesabu na ni jiografia na ni uraia. Watoto wetu wanakariri kwamba ukipanda juu joto linapungua, na wanaishi kwenye mlima wa mita 5,895, na hakuna aliyewahi kuwapa kipimajoto wapande nacho daladala kutoka Moshi hadi Marangu wakaandika namba njiani.

La tatu ni sisi walimu wa mtaani. Mwaka 2023 zilitangazwa nafasi za ualimu zaidi ya 13,000, na waliokosa ni wengi mno kuliko waliopata. Nataka kila tawi liwe na orodha ya walimu wake wasio na ajira na masomo yao. Siyo kwa ajili ya maandamano tu. Tukae na walimu walioko kazini, tusaidiane, wale wastaafu tuwafuate majumbani kabla hawajatutoka na ujuzi wao. Serikali iliwapunja kwenye kikokotoo, ikapanda mwaka 2024 hadi asilimia arobaini kwa baadhi yao baada ya kelele nyingi, sawa, lakini hakuna kikokotoo cha kile walichonacho kichwani.

Yule mama amestaafu. Nilikwenda kwake Aprili, mwaka wa nne tangu siku ile, maana aibu ilinizuia muda wote huo. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mbona wewe hukusema kitu siku ile?" Sikujua kama ananitetea au ananishtaki, na sikuuliza. Akanipa ndizi. Akaniuliza kama bado nafundisha, nikamwambia hapana, nauza vifaa vya simu pale stendi, akanyamaza kidogo halafu akasema wajukuu wake wawili wa darasa la tatu wanashindwa sehemu.

Ninakwenda kila Jumapili baada ya ibada. Sasa hivi wamefika watoto kumi na mmoja, wengine sijui wanatoka kwa nani. Yeye anakaa nyuma. Bado ananikosoa.

Mkutano wa wazazi wa shule ile ni Alhamisi ijayo, saa nne asubuhi. Nimeshaongea na mwalimu mkuu, ajenda ya siku ya walimu imo, ni ya tano. Nahitaji watu sita wa kwenda nami, wenye watoto pale, wasiovaa sare ya chama. Nani anakuja?